Mwanamke wa Kila Ukuta

Mchoraji alijua kuchora mwanamke mmoja tu, na huyo mmoja hakuwahi kukutana naye.

Alifundishwa kumchora akiwa kijana. Fundi aliyemlea kikazi alimkalisha chini akamwamuru amchore mara mia tano kwenye karatasi za mifuko ya saruji, mpaka mkono ukamzoea kama mguu unavyozoea njia ya msalani. Shingo ndefu. Macho mawili makubwa kama sahani za wageni. Kiuno chembamba kiasi kwamba ukikitazama sana unaanza kujiuliza chakula kinapita wapi. Fundi wake alimuusia asibadilishe kitu, kwa sababu mwanamke huyu anauza, na kinachouza hakiulizwi kwao ni wapi.

Na kweli aliuza. Mji mzima ulikuwa wake. Ukutani mwa saluni alijishika nywele akitabasamu. Ukutani mwa zahanati alikuwa na homa kali, kipimajoto mdomoni, akitabasamu. Pale shule ya udereva alishika usukani kwa kucha ndefu huku akiwatazama wapita njia badala ya barabara. Pale duka la dawa za wadudu alimkanyaga mende kwa kiatu cha kisigino kirefu, na uso ulikuwa ule ule, utadhani mende yule kaletewa kama zawadi ya harusi. Watu walimwita Mwanamke wa Kila Ukuta. Walevi wawili walishawahi kushikana mashati wakibishania ni nani kati yao alimwona kwanza.

Nyumbani kwa mchoraji, ambaye mji wote ulimwita Brashi, mambo yalikuwa mengine. Brashi alioa mwashi. Mke wake alijenga kuta, yeye akazipaka rangi, na wambea walisema ndoa ile ilikuwa kampuni. Mke aliitwa Mama Timazi, kwa ajili ya ile kamba yenye uzito ambayo waashi huning'iniza kujua kama ukuta umesimama wima. Yeye hakuihitaji. Alisimama ng'ambo ya barabara, akafumba jicho moja, akasema ukuta wa jirani umelala kushoto kwa upana wa kidole, na wakipima wanakuta kidole kweli, tena cha gumba. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na katikati ya nyusi alikuwa na mikunjo miwili iliyotokana na miaka mingi ya kukodolea kamba juani. Pua yake ilikuwa pua yenye msimamo.

Basi soko likapata ukuta mpya, mrefu, uliozunguka eneo lote, na aliyeujenga ni Mama Timazi. Kamati ya soko ikaamua kwamba pale getini ichorwe picha yake kubwa, na chini yake yaandikwe maneno: UKUTA HUU UMEJENGWA NA MWANAMKE HUYU. Si kwamba kamati ilikuwa na mapenzi makubwa na wanawake. Siku ya ufunguzi alikuwa anakuja Mhandisi aliyepewa kazi ya kujenga shule ya madarasa kumi na mawili upande wa pili wa mji, naye alikuwa anatafuta msimamizi wa waashi. Alishasikia kwamba kuna ukuta umenyooka kama rula. Alipompigia simu Mwenyekiti wa soko kuuliza ni nani kaujenga, Mwenyekiti, ambaye alipenda sana kusema maneno matamu kabla ya kuyafikiria, alimjibu asijisumbue kuuliza jina. Aje tu. Atamwona ukutani, kisha atamtambua mwenyewe kwenye umati. Mhandisi akacheka, akasema mchezo huo ameupenda.

Kwa Mama Timazi haukuwa mchezo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amejenga chini ya wasimamizi ambao baadhi yao, ukiwawekea saruji na unga wa ngano, wangeomba dakika mbili za kutafakari. Hajawahi kuwa yeye mwenye kusema jenga hapa, bomoa pale. Jioni ile ile alimkalisha mumewe kwenye kochi akasimama mbele yake.

"Brashi," alisema, "safari hii unichore mimi. Siyo yule mwenzako."

Brashi akaapa kwa kila alichokuwa nacho, ambacho hakikuwa kingi.

*

Walianza uani Jumamosi. Mama Timazi alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mwiko wa kujengea mkononi, mabuti miguuni. Brashi akabandika karatasi kwenye ubao, akamtazama mkewe kwa nusu dakika, akainama, akaanza kuchora kwa kasi na kwa furaha. Alipoinua kichwa, kwenye karatasi alikuwa ameketi Mwanamke wa Kila Ukuta juu ya ndoo.

Akachana. Akaanza tena, polepole. Shingo ikamponyoka, ikapanda yenyewe. Ya tatu alianza na mabuti, akiamini kwamba mtu akianzia miguuni hawezi kupotea njia, na mabuti yalitoka vizuri sana, lakini alipofika magotini tayari mambo yalikuwa yanajivuta kuelekea saluni.

Mama yake Brashi, bibi wa nyumba ile, alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua nafaka. Aliziokota zile karatasi tatu akazitandaza mapajani. Alizitazama kwa muda wa kutosha kumaliza kesi.

"Mwanangu," akasema, "huyu mwanamke nilikuwa namwona mjini nikanyamaza. Sasa kaingia mpaka uani."

Brashi akajitetea kwamba hakuna mwanamke. Bibi akauliza, kama hakuna, mbona anamkumbuka vizuri kiasi hicho bila hata kumtazama, na mke yupo hapa juu ya ndoo lakini hamkumbuki? Brashi akaanza kuchonga penseli. Binti yao, ambaye alikuwa kidato cha tatu na hakuwa na huruma na mtu, alisema hata yeye alichorwa na baba kwenye kadi ya siku ya kuzaliwa alipotimiza miaka sita, akawa na kucha ndefu na kisigino. Mama Timazi akamwuliza mumewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, alimjulia wapi huyu. Brashi akasema kwa mwalimu wake. Kwa hiyo ni mke wa mwalimu wake? Hapana, mwalimu naye alimpata kwa mwalimu wake. Bibi akatikisa kichwa, akasema mwanamke huyo basi ametembea sana.

Mama Timazi alishuka kwenye ndoo. Brashi alijikunja akidhani atapigwa na mwiko, lakini mkewe aliingia ndani, akatoka na futi kamba, ile ya chuma inayojirudisha yenyewe, akamrushia.

"Kama macho yako hayanioni, nipime."

Ndivyo walivyofanya. Mwashi hawezi kujenga kwa kukisia, na kwa maoni ya Mama Timazi uso nao ni jengo. Brashi akapima, Bibi akasoma namba kwa kusogeza miwani, binti akaandika kwenye daftari la hesabu. Paji la uso, kimo. Toka jicho mpaka jicho. Upana wa pua, ambao Bibi aliusoma mara mbili, na mara ya pili kwa heshima. Mkewe alidai milimita ziandikwe pia, kwa sababu milimita ndizo zinazoangusha nyumba.

Alipofika kidevuni Brashi alisita. Chini ya kidevu kulikuwa na kovu, refu kama kijiti cha kiberiti.

"Hili la lini?"

"La mwaka tuliooana. Nilianguka kwenye jukwaa."

"Hukuniambia."

"Wewe ndiye uliyenipeleka hospitali, Brashi."

Binti akauliza kama kovu nalo liandikwe. Likaandikwa, milimita thelathini na nne.

*

Ukutani alivizidisha vile vipimo mara mbili, akapiga miraba kwa chaki, akapanda ngazi. Kwa siku mbili hakuutegemea mkono wake hata kidogo. Mkono ulipotaka kupandisha shingo, daftari lilisema hapana. Mkono ulipotaka kufinya kiuno, daftari likauliza unakwenda wapi. Jioni ya siku ya pili Brashi alishuka, akarudi nyuma hatua kumi, akageuka, akashtuka, kwa sababu mkewe alikuwa pale getini, mkubwa kuliko lori, mabuti yakiwa na tope, mwiko mkononi, na mikunjo miwili katikati ya nyusi ikimtazama yeye. Bila kujua anafanya nini alianza kueleza kwamba alikuwa karibu kurudi nyumbani.

Asubuhi yake kamati ikaja kukagua. Walikuwa watatu, Mwenyekiti, Katibu na Mhazini, na walisimama chini ya ngazi kama watu waliokuja kununua ng'ombe.

Mwenyekiti alisema kazi ni nzuri sana, nzuri mno, ila huyu mama mbona kama anatudai? Atabasamu kidogo. Wageni wanakuja. Brashi akajibu kwamba hatabasamu akiwa kazini, na Mwenyekiti akamwambia ndiyo maana wanaita sanaa. Katibu, aliyekuwa mtu wa usafi, akaomba tope litolewe kwenye mabuti. Likitoka tope, akaongeza baada ya kufikiri, kwa kweli hata mabuti yenyewe hayana haja, aweke viatu, vya heshima. Kisha akakumbuka kwamba mtu mwenye viatu vya heshima hawezi kuwa na mwili wa namna ile, akachora hewani kwa mikono yake mwili wa namna nyingine.

Mhazini ndiye aliyemmaliza. Alikuwa mwanamke mwenye duka la vitambaa, na alisema yeye anazungumza kama mwanamke mwenzake, anayemtakia mema. Amwangaze ngozi kidogo, kidogo tu, kama kikombe cha chai kilichoongezwa maziwa. Ampe hereni. Na amtie mtoto mgongoni, ili watu wasije wakadhani anajenga kuta kwa sababu hana nyumba.

Brashi alikuwa mtu wa ndiyo. Ukimwambia mvua inanyesha atachukua mwavuli, ukimwambia hainyeshi atauacha, na hata siku moja hatatoka nje kutazama. Tena kamati ilikuwa haijamaliza kumlipa, na Mhazini alikuwa na tabia ya kusahau funguo za sanduku kwa watu wabishi. Akapanda. Akaanza na tabasamu tu, akijiambia tabasamu si dhambi. Lakini midomo ilipofunguka mashavu yalibidi yapande, mashavu yalipopanda macho yalibidi yapanuke, na kila alipokubali jambo moja mkono wake ulifurahi kama punda aliyeiona njia ya kwao. Daftari lilikuwa mfukoni. Halikuulizwa. Kufika saa tisa alasiri, pale getini alisimama binti mwembamba mweupe mwenye macho kama sahani, mtoto mgongoni, kisigino kirefu, ameshika mwiko mbele ya uso kama kioo cha kujipodolea. Kamati ikapiga makofi. Wakamfunika kwa turubai mpaka siku ya ufunguzi.

Nyumbani Mama Timazi alimwuliza kama imekamilika. Akasema imekamilika. Akamwuliza kama amefanana.

"Kamati imefurahi sana," alisema Brashi.

Mkewe akatabasamu, kwa mara ya kwanza wiki ile, akaenda kupiga pasi nguo yake ya ufunguzi. Brashi alisema hasikii njaa. Bibi, ambaye hajawahi kumwona mwanawe akisusa chakula tangu aache kunyonya, alimtazama kwa jicho moja.

*

Siku ya ufunguzi soko lilijaa pomoni. Mama Timazi alivaa gauni la heshima, na chini yake mabuti, maana viatu vilimbana na aliona mwashi kuchechemea mbele ya Mhandisi ni mkosi. Brashi alisimama nyuma ya watu, karibu na makopo yake ya rangi, akiomba turubai linase. Halikunasa. Mwenyekiti alivuta kamba mara moja tu, na turubai likaanguka kwa utii wa ajabu.

Watu wakainua shingo. Kisha sauti ya mtu ikatoka upande wa magunia.

"Aa. Si ndiye yule wa mende?"

Watu wakapasuka kwa kicheko, na Mwenyekiti, akidhani ni shangwe, akainama kushukuru. Mhandisi alikuwa mtu mkavu, mwembamba, mwenye miwani na kalamu sikioni. Hakucheka. Aliusoma ule uso ukutani, akageuka, akaanza kuupitia umati mtu kwa mtu. Umati nao ukataka kusaidia. Pale mbele alisimama msusi wa saluni, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akichonga nyusi zake kwa kuiga ile picha ya ukutani kwake, na mikono ya wasiojulikana ikamsukuma mpaka mbele ya Mhandisi.

Mhandisi alimsalimia, akampa pongezi za ukuta, akamwuliza mchanganyiko wake ni upi.

"Inategemea na kichwa," alisema msusi. "Wengine ngozi zao haziwezi dawa kali."

"Nauliza wa saruji."

"Baba, mimi nasuka. Hapa nimesukumwa."

Ndipo Mama Timazi alipopita katikati ya watu, akasimama mbele, akasema ni yeye aliyejenga. Mhandisi alimtazama kutoka juu mpaka kwenye mabuti, akatazama ukutani, akamtazama tena. Alijaribu kweli, mtu haki yake apewe. Alitafuta pua, hakuiona. Alitafuta mabega. Kisha akatoa kalamu sikioni, akaonyesha kwa adabu yale maandishi makubwa.

"Mama, nisamehe. Hapa wameandika ni mwanamke huyu."

Mwenyekiti akaingilia haraka, akasema ile picha si lazima iwe yeye, ni ya mfano. Mhandisi akauliza mfano wa nani. Katibu akatazama viatu vyake. Mhazini akafungua mkoba, akatafuta kitu ambacho hakikuwamo. Mhandisi akasema basi, ameelewa. Kazi yake ya mwisho walimletea msimamizi wa mfano vile vile, akawa shemeji yake mtu, na paa likashuka kabla ya mafundi kushuka. Yeye aliambiwa atamtambua aliyejenga, hakumtambua, na hana muda wa kuchezewa. Atatafuta mwashi kwingine. Akaanza kurudi kwenye gari.

Mama Timazi hakupiga kelele. Aligeuka akamtafuta mumewe nyuma ya watu, akampata. Alimtazama vile anavyotazama tofali lililopasuka, bila hasira, akiamua tu kama litafaa hata kujazia shimo.

Brashi akatoka mbio. Hakumbuki alivyobeba ngazi. Alichokumbuka baadaye ni kwamba alimgonga nayo Katibu begani, na kwamba alisimama mbele ya gari la Mhandisi na kopo la rangi mkononi.

"Mhandisi, nipe muda wa soda moja. Mfungulieni hata mbili. Picha ile nimeiharibu mimi. Aliyejenga ni mke wangu, na mimi ndiye mtu pekee mji huu asiyejua alivyo."

Mhandisi alikuwa amechoka, lakini sababu ya namna hiyo hajawahi kusikia. Akaegemea gari.

Brashi akapanda. Kwa brashi pana ya kupakia dari aliufuta ule uso wote, macho ya sahani, tabasamu, hereni, ukabaki mwanamke asiye na sura mwenye mtoto mgongoni, jambo lililowafanya watoto wawili walie. Akamwita mkewe asimame palipo na mwanga. Akatia mkono mfukoni kutafuta daftari. Alikuwa amevaa suruali nyingine. Akabaki juu ya ngazi, brashi ikidondoka, na chini mke aliyekuwa amefunga mikono kifuani. Hakukuwa na cha kufanya isipokuwa kumtazama. Akamtazama. Akaweka mstari wa paji la uso. Akamtazama tena, sana, mpaka Mama Timazi akajisikia vibaya akatengeneza kola. Akaweka mkunjo katikati ya nyusi.

"Iko miwili," ilitoka sauti chini. Alikuwa muuza vitunguu. "Mimi naijua. Alinikazia nayo wiki nzima nilipoegemeza magunia kwenye ukuta ukiwa haujakauka."

Brashi akaweka wa pili. Muuza ndoo akasema mdomo bado umelegea, aukaze, kwani siku ile alipobomoa kazi yake mwenyewe mdomo ulikuwa umekazwa kuliko mfuniko wa jagi. Mama mwenye meza ya nyanya akasema siku ile hata yeye alikuwepo, mdomo haukuwa umekazwa, ulikuwa umeinama kushoto. Wakaanza kubishana, kushoto au kulia, na kila mmoja akaleta ushahidi wake.

Mhandisi alikuwa ameacha kuegemea gari.

"Alibomoa nini?"

"Mistari mitatu mizima ya matofali," alisema muuza ndoo. "Alishaimaliza. Sisi tukasema kachanganyikiwa."

Mhandisi akamgeukia Mama Timazi akamwuliza kwa nini. Akamjibu kwamba walimletea mchanga wenye udongo mwingi. Ukuta ungesimama vizuri mpaka mvua ya kwanza, halafu ungeanza kukohoa. Akamwuliza aliujuaje. Akasema aliusugua kiganjani, mkono ukabaki mchafu. Akamwuliza nani alilipia yale matofali yaliyobomolewa. Akasema hayakupotea, aliyaosha saruji ingali mbichi akayarudisha, ni siku zake mbili tu zilizopotea. Mhandisi akaiweka kalamu sikioni, akaenda mpaka chini ya ngazi.

"Bwana mchoraji," alisema, "bega la kulia umeliinua mno. Lake limeshuka kidogo."

"Hilo ndilo la mwiko," alisema muuza vitunguu, kana kwamba bega ni la kwake.

Sasa kila mtu alikuwa mchoraji. Walimwongezea pua na Brashi akaiongeza kwa moyo mkunjufu. Mtu akataja kovu la kidevuni, na Brashi akasema kwa sauti kubwa kwamba hilo analijua. Katibu, akijisugua bega, aliomba angalau tabasamu libaki, kidogo tu, kwa ajili ya soko. Msusi akamgeukia.

"Kaka, wanaotabasamu wako kwangu. Njoo nikusuke."

Rangi ikaisha Brashi akiwa amefika kifuani. Akashuka. Kwa juu alikuwa Mama Timazi mwenyewe, kachukia, kakamilika, na kwa chini kiuno cha nyigu na kisigino kirefu, na mtoto bado yumo mgongoni. Mkewe alikwenda akasimama karibu, akafumba jicho moja, akakagua. Watu wakajisogeza. Hata Mwenyekiti alijisogeza.

"Huyo mtoto ni wa nani?" akauliza.

"Wa Mhazini," alisema Brashi.

Mume wa Mhazini, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya soda za bure, aligeuza shingo polepole, na Mhazini ilimbidi aeleze mbele ya soko zima kwamba lile lilikuwa wazo tu. Wanasema kicheko cha pale kiliangusha meza ya nyanya. Katika kicheko hicho hicho Mhandisi aliandika kitu kwenye kikaratasi, akampa Mama Timazi mkononi. Jumatatu, saa moja asubuhi, eneo la shule, aje na majina ya watu kumi anaowaamini. Mama Timazi alikisoma, akakikunja, akakisoma tena bila kukikunjua.

Mwenyekiti alilalamika baadaye kwamba sasa wamebaki na mwanamke aliyenuna getini. Walinzi wa soko wakasema aachwe, tangu achorwe hakuna aliyeiba hata kitunguu.

*

Jumatatu Brashi alimbebea mkewe ndoo ya vifaa mpaka kwenye eneo la ujenzi. Njiani hawakuzungumza sana. Mama Timazi alikuwa akihesabu matofali kichwani, na Brashi alikuwa akimtazama sikio, ambalo aligundua lilikuwa dogo kuliko alivyodhani, mpaka akajikwaa.

Getini kulikuwa na kibanda cha mabati na mlinzi ndani yake, mtu mnene aliyeamshwa kabla ya wakati. Alisema hawaruhusu mtu asiyejulikana. Mhandisi alikuwa amemwachia picha kwenye simu, ya ule ukuta wa soko, aliyoipiga kwa karibu, uso tu. Akaitoa, akaisogeza machoni. Akamtazama Mama Timazi. Akaitazama tena.

"Ndiye," alisema. "Ila kwenye picha umenuna zaidi."

"Hapo nilikuwa natazamwa na mume wangu. Fungua."

Akafungua. Mama Timazi alichukua ndoo yake, akaingia, na kabla hajafika kwenye lundo la mchanga tayari alikuwa ameinama, ameshika konzi moja, anaisugua kiganjani, huku vibarua wanane wa Mhandisi waliokuwa wamekaa wakisimama mmoja mmoja bila kuambiwa.

Brashi akabaki nje. Mlinzi alimwuliza kama ndiye mchoraji wa picha ile, akasema ndiye. Basi, alisema mlinzi akigonga bati la kibanda chake, hapa pamekaa wazi sana, panachosha macho, si amchoree mwanamke mmoja hapa wa kumchangamsha.

"Mwanamke gani?"

"Mwanamke tu. Yeyote."

"Yeyote ndiye nani?"

Mlinzi alikuna kichwa. Hakuwa ametarajia mtihani asubuhi ile. Alifikiri mpaka jua likapanda juu ya kibanda.

"Labda dada yangu," alisema mwishowe. "Huwa ananiletea chakula hapa. Ila nikwambie mapema, ana jino moja limekaa mbele ya wenzake."

Brashi akavuta jiwe, akakaa kivulini.

"Nitamsubiri," alisema.